Bwana Ausi

Igogo, juu ya nyumba ya mwisho,
pale mawe yanapobebana kama magunia ya dagaa,
kuna kaburi ambalo si letu
na tumelifagia miaka mia na ushei.

Jiwe lake lilipasuka kabla bibi hajazaliwa.
Nusu ya juu ilikwenda na mvua,
au na fundi aliyepungukiwa msingi;
hakuna aliyekiri.
Ikabaki nusu ya chini, ina U yenye macho mawili:
AUS LÜTTENSIEL.

Ndalahwa, babu yake bibi, aliajiriwa kufagia
kwa rupia moja kwa mwaka.
Ya kwanza alilipwa. Ya pili, vita vikaja.
Yeye hakujua kusoma; mwanawe alijua kidogo,
akaishia neno la kwanza: Ausi.
Basi marehemu akawa Bwana Ausi,
seremala wa boti, homa ilimchukua,
alipenda matobolwa kuliko mkate wao,
na kiboko chake kilikuwa kifupi kuliko vya wenzake.
Hiyo ndiyo sifa tuliyomtunzia.

Mjomba alizaliwa siku ya kupalilia kaburi.
Wakamwita Ausi.
Akaenda Geita kutafuta dhahabu,
hakurudi,
wala hakuna aliyekuja kusema amekufa.

Mwaka huu, mwezi wa tano, alipanda Bi Wiebke,
viatu vya mlimani, Kiswahili cha kaseti.
Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye herufi,
akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Aus si jina," alisema. "Aus ni *kutoka*.
Jina ni hili la pili, na si la mtu.
Ni mji. Ni kwetu."

Akakaa juu ya jiwe akatupa mji wake:
watu elfu mbili, mnara mmoja.
Bahari yao huondoka mara mbili kwa siku,
huacha matope yanayong'aa
na watoto huyatembelea pekupeku wakiokota kamba.
"Huondoka kwenda wapi?" bibi aliuliza.
"Na nyinyi mnaiamini?"
Hawaiamini. Wamejenga tuta karne nane,
toroli kwa toroli, na sheria ya kale ilisema:
asiyebeba udongo, na ahame.
Chai yao ina sukari ya mawe, na kuikoroga ni utovu wa adabu.
Kanisani merikebu ndogo za mbao zinaning'inia darini,
kila moja kwa ajili ya waliokwenda wasirudi.
Lugha ya bibi yake, si hii ya redioni,
vijana hawaijui tena.

Bibi alinigeukia mimi,
mimi nisiyevuka *mwangaluka*.

Kisha akamwuliza mgeni:
"Na mawe ya boma la huku, aliyeyabeba ameandikwa wapi?"
Bi Wiebke alifungua daftari, akalifunga.
Ndege wawili walipita kuelekea Kamanga.
"Hayumo," alisema.

Seremala yumo. Jina lake Tjark.
Bibi alilijaribu mdomoni: "Chaki."
Mara ya pili: "Chaki. Huyo ni wenu.
Wetu ni Ausi."

Mgeni alitoa pochi, alipe deni la Ndalahwa.
Bibi alihesabu vidole, mikono yote miwili, akarudia,
akasema: "Acha. Ukilipa, tutakuwa tumemalizana.
Ila mwambie fundi wenu
achonge kamtumbwi, kembamba, ka kasia moja,
akaning'inize na hizo merikebu.
Aandike ubavuni..."
akanigeukia tena, nimsaidie herufi,
nami nikachora mchangani kwa njiti ya ufagio:

AUSI, AUS IGOGO.

Sijui kama kanisa litakubali.
Barua haijaja.
Jumamosi nimefagia, upande wa juu pia,
pale ambapo jiwe halipo.