Hudihudi: Mmoja

Saa nne za asubuhi ndiyo kwanza jua linachungulia
juu ya misonobari ya Kivilahti, kama mdaiwa mlangoni,
na ikifika saa tisa litakuwa limekwisha kuaga.

Orvokki anatembea. Kilomita kumi, njia ile ile,
mwaka wa thelathini na moja wa theluji,
penseli shingoni kwa uzi (wino huganda)
na mfukoni kipande cha mkate wa shayiri.
Kanuni ni fupi: andika ulichokiona au kukisikia.
Usikisie. Usiwahurumie wasiokuja.

Zamani alitembea na Raimo. Magoti yamemgomea Raimo;
siku hizi hukaa dirishani na bakuli la mbegu,
akiwahesabu wanaomjia wenyewe.
Leo yupo Eeli, mtoto wa jirani, miaka tisa,
ndani ya buti za kaka yake.

Kunguru wawili, paa la kanisa.
Shomoro kumi na wanne, ua wa waridi wa posta ya zamani.
Kigogota mmoja hakuonekana, alisikika:
ko, ko, ko,
kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Bata, hakuna. Ghuba imefunga.
Kisha kilomita mbili za kimya,
na kimya hakina safu kwenye fomu.

Nyuma ya zizi la Kyllikki
lundo la samadi ya farasi linafuka mvuke.
Hapo Orvokki hunywa kahawa kila mwaka,
na huona haya kidogo kusema sababu:
pana joto.
Akageuka kufungua chupa.
Muda wa kuzungusha kifuniko, basi.

"Pale!"

Mwenye macho haambiwi tazama.
Orvokki aliambiwa, akatazama,
akakuta tawi linatikisika
na theluji yake inadondoka.

Eeli akasema: rangi ya karoti iliyochemshwa.
Mbawa kama kivuko cha barabarani, nyeusi, nyeupe, nyeusi.
Na kichwani ana chanuo,
akalifungua,
akalifunga.

Hudihudi. Ndege wa nchi za jua,
yule aliyechelewa barazani kwa Suleimani
akaja na udhuru mzuri, habari za yakini.
Huyu naye amechelewa, miezi mitatu,
na udhuru wake ameuandika kwa mdomo
katika mavi ya farasi wa Kyllikki.

Miaka thelathini na moja, na Orvokki hajapata mgeni.
Wenzake wamepata bundi mweupe,
wamepata bata aliyepotea kutoka Siberia,
wamekatiwa keki.
Yeye, shomoro.
Alikaa na penseli mpaka kahawa ikapoa.

Mdomo? Mrefu, umepinda.
Aliruka vipi? Kama kipepeo asiyejua aendako.
Alilia? Hakusema kitu.

Akaandika:
Hudihudi, 1. Ameonwa na Eeli.
Mimi sikumwona.

Usiku Hannu wa chama akapiga simu.
"Orvokki. Mtoto?"
"Mtoto."
"Una hakika?"
"Na ndege, sina. Na mtoto, ninayo."

Jumamosi watu kumi na mmoja wenye darubini za miguu mitatu
walilizunguka lundo la samadi kama wafiwa,
Kyllikki akawapitishia maandazi ya iliki,
farasi wakawashangaa.
Hakuna aliyeona kitu.
Mmoja alicheka, si kwa ubaya,
na Eeli akayatazama buti ya kaka yake.

Hesabu ya mwezi wa pili, njia ile ile.
Baridi inauma hadi kwenye meno.
Kunguru, watatu. Kigogota, kimya.
Kwenye ua wa waridi Orvokki akasimama,
akahesabu kwa midomo, akaandika:
shomoro, kumi na wanne.

"Kumi na watano," akasema Eeli, kwa sauti ya chini.
"Mmoja yuko nyuma ya ndoo."

Orvokki hakuinama kuitazama ndoo.
Akalamba ncha ya penseli,
akafuta nne.