Kalenda za Mwaka Juzi

Karatasi yetu iko bandarini Malindi, siku ya arubaini na moja.
Wakala alisema fomu imekosa muhuri.
Muhuri ukapatikana, kreni ikaharibika.
Kreni ikatengenezwa, ikawa sikukuu.
Nami niko Wete, chumba cha nyuma ya duka la kaka,
kalamu nyekundu mkononi,
nalazimisha kurasa tisini na sita ziingie sitini na nne,
maana ndizo rimu nilizobakisha zinazoweza kuzibeba.
Jana usiku nimemuua shangazi mmoja
na mbuzi wake wawili.
Mwandishi bado hajui.

Akaja Mwalimu Mize kutoka Mchangamdogo,
mwanafunzi wake kamshika bega.
Kombo, miaka kumi na mitatu. Hakuuliza bei.
Kauliza: "Na changu kitatoka lini, cha vidole?"
Nikamweleza: nukta nundu zataka karatasi nzito,
na nzito ndiyo iliyolala chini kabisa ya kontena.
Akaitikia polepole,
kama mtu aliyezoea kuambiwa kesho.

Mwalimu Mize akafungua mkoba,
akatoa kalenda ya mwaka juzi, ya duka la saruji.
"Nene hii," kasema. "Hebu gusa."

Basi tukawa ombaomba wa miezi iliyopita.
Kwa kinyozi. Kwa famasia. Ofisi ya karafuu
walitupa kumi na moja, na chai.
Bi Time wa Kizimbani akatupa yote ila Agosti,
maana nyuma ya Agosti kaandika wanaomdai
na siku aliyozaliwa mjukuu.
Tukamwachia Agosti yake.

Kibao, sindano, na taa ya kuchaji.
Mwalimu Mize akadunga, kulia kwenda kushoto
kama mwendo wa msahafu,
tak, tak, tak, hata majirani wakauliza
tunaranda nini usiku wote huo.

Nakala ya kwanza tuliipeleka Mkoani, kwa gari la mizigo.
Utingo akaitia chini ya magunia ya vitunguu.
Jioni simu ikalia, sauti ya msichana, ya adabu:
"Kimefika, ahsante. Lakini kitabu kimelala.
Sura ya tatu nzima haisemi."

Miaka kumi na miwili nachapa vitabu.
Nimeviona vikiliwa na mchwa, vikilowa,
vikifungiwa maandazi.
Sikujua kitabu huweza kunyamazishwa na vitunguu.

Sasa nakala husafiri mapajani.
Twamvizia aendaye: muuguzi anayebadili zamu,
harusi inayoteremka Chambani.
Twamwambia, kibebe kama sinia la mayai,
na usikikalie, hata ukichoka.

Leo wakala kapiga: karatasi imetoka.
Nikafungua bahasha ya sampuli. Nyembamba,
ukiiinua kwenye mwanga waona kidole chako upande wa pili.
Sikugomba. Nguvu za kugomba nimeziacha kwenye fomu.

Kombo yupo kizingitini, anasoma.
Mimi, kwa macho yangu, naona Februari,
picha ya mfuko wa saruji, Jumatatu zilizokwisha.
Yeye vidole vinakwenda, vinarudi, vinasimama;
akaangua kicheko hata kiti kikagonga mlango.
"Nini?"
"Huyu shangazi! Kamvisha mbuzi kanga!"

Nikamtazama Mwalimu Mize.
"Wewe ulidunga kutoka wapi?"
"Mswada wa kwanza," kasema, akitafuta chombo cha kunolea sindano.
"Kalenda zilikuwa nyingi. Kwa nini nikate?"

Alasiri mwandishi akapiga, sauti imemkauka.
Ameisoma ile ya sitini na nne.
Anataka kujua shangazi yake amekwenda wapi.
Nikampa Kombo simu.