Herufi Mbili

Mwanjelwa, ukungu haujapanda.
Sanga amevipanga juu ya gunia:
chenye kizibuo, chenye msumeno,
chenye tochi ya kuchekesha watoto.

Mimi nataka cha kukaa mfukoni
kimya kama ufunguo,
bawaba isilegee,
makali yasinirukie vidoleni
usiku kule Ngozi, nachanja kuni mbichi
mikono imekufa ganzi.

"Jaribu hiki."
Kina kutu shingoni. Dole gumba: tak!
Kinanyoa malaika ya mkono,
kinamenya parachichi ngozi isikatike.

Mpinini herufi mbili, si zangu.
"Za nani?"
Sanga anakifuta kwa mkono wa sweta.
"Elfu nane. Herufi hazina bei."

Tangu hapo nakikunja taratibu,
kama anayefunga mlango
wa chumba cha aliyelala.