Swichi ya Njia Mbili

Nyumba ya Burulcha ingali inanuka chokaa mbichi.
Milango haijatiwa. Upepo wa At-Bashy
unaingia na theluji yake bila hodi,
unakagua vyumba, unatokea jikoni.

Nimechora ukutani kwa chaki:
mstari wima, mstari mlalo, kamwe si mshazari.
Atakayekuja kupigilia msumari wa picha
miaka ishirini baadaye
hatanijua, lakini ataweza kunikisia.
Ndiyo adabu ya kazi hii:
kujificha mahali panapotarajiwa.

Kisha tindo. Kisha vumbi hadi kwenye kope.
Taalai, msaidizi wangu, anapitisha mabomba,
anakohoa, anahesabu mita za waya
kama anayehesabu kondoo wa mtu mwingine.
Nje, nondo ya ethi inagoma kuzama:
ardhi imeganda, nyundo inarudi usoni.

Ramani aliichora Ularbek, mwanawe,
huko Tyumen, nyuma ya risiti ya mafuta,
akaipiga picha, akaituma:
soketi kumi na nne, taa sita,
waya mnene wa jiko la umeme
atakalolinunua akirudi.
Kurudi hakukuandikiwa tarehe.

"Kumi na nne," anasema Burulcha,
"nami nina birika moja."
Anatuwekea chai ya maziwa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
anautazama mfereji niliouchimba ukutani
kama mtu anayetazama kovu la mgeni,
anataka kuuliza, anaona haya.
Hatimaye: "Na zizini?"
Zizini hakuna kitu kwenye ramani.
"Kondoo huzaa usiku, mwezi wa tatu.
Miaka thelathini nimeshika tochi kwa meno,
na meno yenyewe yamebaki manne."

Nikafuta soketi mbili za sebuleni.
Waya wake ukafika zizini,
ukabaki kipande cha urefu wa mkono.
Ularbek hatasikia kwangu.

Siku ya tisa, plasta imekauka, mita imefungwa.
Chumbani nimemtilia swichi ya njia mbili,
moja mlangoni, moja kando ya kitanda, taa ileile.
Kitanda hakijaja. Taalai anachutama
pale nilipoandika kwa chaki "kitanda".
Burulcha mlangoni anawasha.
Taalai anazima.
Anawasha. Anazima.
Mama anacheka, kiganja mdomoni, kama msichana,
kisha anaacha kucheka.
"Waya wa swichi hii unaweza kufika wapi?"

Nikamjibu kifundi:
umeme huchoka njiani, mama,
waya mrefu hula moto wake wenyewe.
Mita hamsini, sawa. Mia, tutajaribu.
Ukizidi sana, huna taa tena,
una waya tu.
Akaitikia kwa kichwa
kama mtu aliyeifanya hesabu hiyo kabla yangu.

Tukapakia ngazi. Giza lilikuwa limeshuka mlimani.
Kutoka barabarani tuliliona dirisha lake
likiwaka, likizimika, likiwaka,
na katikati, kitambo kirefu cha giza,
muda wa mwanamke mzee
kutoka mlangoni mpaka penye chaki.

"Ataiunguza balbu," Taalai akasema.
Nikamwambia ahesabu makoleo.
Koleo moja halikuwemo.
Nikageuza gari.