Pazia

Mabati mapya hayana adabu.
Saa nne tu asubuhi, hapa Mishomoroni,
nimelipigilia jua misumari juu ya paa
na bado linanirukia usoni,
mara toka juu, mara toka chini,
kama mdai asiyetaka kusikia "kesho".

Miaka kumi na tisa nimelikodolea hivyo,
nikikunja uso, nikikinga kiganja,
nikivuta kofia ya kiwanda cha saruji hadi kwenye nyusi.
Jioni nikishaoga, mchanga hubaki machoni,
mchanga usio wa ufuo wowote,
hautoki kwa maji, hautoki kwa dua.
Mwanasiti alinikanda uso kwa kitambaa baridi,
akasema: "Mato hayana spea, Mwaringa."
Nikamjibu: "Na mabati hayajipigi."

Kisha kikaja kile kinyama.
Kilianzia pembeni, upande wa pua,
chekundu, chembamba kama mzizi wa mkoko,
kikatambaa kuelekea mboni
polepole, bila wasiwasi,
kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja.

Nikaenda Marikiti.
Mchuuzi alikuwa na ubao wa miwani hamsini,
yote ikinitazama.
Nikachagua iliyo nyeusi ti!
Shilingi mia na hamsini;
akanipunguzia ishirini kwa kuwa nilimwita mjomba.
Nikapanda nayo juu. Chengo akapiga mluzi:
"Fundi! Nani amekufa?
Au wamkwepa mwenye duka?"
Nikacheka. Nikajiona nimejikinga.

Miezi minane baadaye, kliniki ya macho, Makadara.
Binti aitwaye Swafiya, mkono mwembamba wenye hina,
aliiweka miwani yangu kwenye kijimashine,
akatazama namba, akanitazama mimi.
"Hii yazuia mwanga," alisema, "haizuii mionzi."
Akaitaja: ya urujuanimno,
neno refu kuliko ngazi yangu.
"Kwenye kiza mboni hutanuka, baba.
Na mlango ukishafunguka, hauchagui mgeni."

Nikanyamaza.
Kumbe miezi minane
nilikuwa nikimfungulia mwizi mlango,
kisha namzimia na taa
asije akaonekana.

Weusi si hoja, alinifunza. Hata kahawia,
hata isiyo na rangi kabisa, maadamu
imeandikwa kinga ya mia nne, na iliyoandika ni duka la kweli.
Ikumbatie uso mpaka kwenye panja.
Na kwa kazi yako, aligonga meza kwa kucha,
iwe plastiki ngumu, usinipe kioo.

Bei yake sikumwambia Mwanasiti siku ile.
Nilimwambia siku ya Utange.
Nilikuwa nakata bati kwa grenda,
chembe ya chuma ikaruka: tik!
Sauti ndogo, punje ya mchele ndani ya sufuria.
Nilipoivua miwani nikaona kovu
kwenye lenzi ya kushoto, katikati hasa.
Nikakaa kwenye boriti, miguu ikining'inia,
nikahesabu watoto wangu, nikahesabu tena,
kana kwamba ni mmoja wao aliyeponea.

Kinyama kingalipo.
Swafiya hukipima kila miezi sita, kama mpima ardhi;
asema hakijasogea mpaka,
na kikisogea, kuna kisu chake.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Walikuwa wakisemea haya na kutazama ya watu.
Hawakuwahi, nadhani, kupiga mabati
mwezi wa pili, adhuhuri, Kisauni.

Leo nimemletea Chengo ya kwake.
Ana miaka ishirini na miwili,
weupe wa macho yake bado ni tui la kwanza.
Ameigeuzageuza, ameinusa, ameivaa,
amejitazama kwenye bati.
"Fundi," aniuliza, "sasa nani amekufa?"

"Hakuna," nikamwambia. "Shika upande ule."