Weusi wa Kukopa

Kopo la kwanza: dawa ya viatu, imekauka, imepasuka
kama tope la Lukuledi mwezi wa kumi.
Mjomba Likwanda aliipasha juu ya jiko la mkaa,
akaidondoshea mafuta ya taa, kiduchu.
"Ikicheka, iepue."

Kopo la pili halikuwa na jina.
Betri za redio, kazipasua kwa nyundo,
unga wake, masizi ya sufuria,
na mafuta ya maganda ya korosho,
yale yanayobabua ngozi. Nilikatazwa kuligusa.
Nililigusa. Alama hii hapa, chini ya gumba.

Alichonga mkorosho uliokufa,
mti mweupe, wenye nyuzi kama muhogo uliokomaa,
akaupaka mara tatu, akausugua kwa gunia,
na jioni ulikaa barazani, mweusi tii.
Hakumdanganya mtu. "Huu si mpingo,"
aliwaambia wanunuzi waliopanda kutoka Mtwara,
nao wakacheka, wakidhani anaficha mali,
wakaongeza bei.

"Mpingo," aliniambia, "ngozi yake ya manjano.
Weusi uko ndani, huuoni mpaka shoka liwe butu.
Huu wetu ni wa kukopa.
Na cha kukopa usikitembeze kwenye mvua."

Matokeo yakatoka, nikafaulu.
Fomu ilisema: viatu vyeusi, vya kamba.
Mama alirudi na jozi kutoka mnada wa Kitangari,
ngozi imara, rangi ya chai ya maziwa.
Mjomba hakuuliza. Alivipokea, akatafuta brashi,
kopo la kwanza, la pili, la kwanza tena.
Usiku kucha nyumba ilinuka korosho iliyoungua.

Paredi ya Jumatatu. Mwalimu wa zamu, Bi. Nantumbo,
alipita na fimbo akitazama chini.
Alisimama mbele yangu.
Viatu vilimrudishia sura yake.
"Mmemwona huyu?" akawauliza wenzangu.

Mvua ya Newala haibishi hodi.
Walikimbia wote. Mimi nilitembea,
maana nilishajua.
Soksi nyeupe zilikunywa kila kitu, betri, masizi, kopo zima,
hadi nikafika darasani na soksi nyeusi
na viatu vya chai ya maziwa.

Jumamosi nilimpelekea.
Hakuvitazama viatu. Alivuta soksi moja,
akaigeuza nje ndani, akaipeleka kwenye mwanga.
"Eh! Pamba inashika kuliko mti."
Akaniomba ile moja.
Akaanza kumsugulia kibibi wa mkorosho
aliyekuwa amebaki mweupe begani.