Daftari Lenye Grisi

Kwa lami: sproketi ya nyuma, meno thelathini na manne.
Mahona anataka thelathini na mawili,
eti barabara mpya ya kule Kisesa haijafunguliwa,
haina tuta, haina punda, haina trafiki.
Ina upepo, nikamwambia. Upepo haungoji utepe ukatwe.
Nimeurefusha mkono wa nyuma shibiri moja
ili pua isiinuke akiachia klachi.
Nimeng'oa taa, honi, kiti cha abiria,
hata stika ya Mama Nisamehe
nimeibandua kwa petroli, maana nayo ina uzito.

Pikipiki hii ilitoka Dar imezoea hewa nzito.
Ilipofika huku juu ikawa inakohoa moshi mweusi
kama mgeni aliyelazimishwa sahani ya tatu.
Nikabadili jeti, nikaipunguzia chakula.
Sasa inapumua Kisukuma.

Mama yangu hakuwahi kushika spana.
Shamba alilijua kwa kisigino:
hapa luseni, weka karanga;
kule mbuga, ngoja mpunga;
na ibambasi, alisema, ni ardhi yenye nyuso mbili,
kavu inavunja mpini,
ikilowa inakuangusha na ndoo yako kichwani.
Nimemwandika humu, ukurasa wa kumi na moja,
kati ya bei ya pistoni na namba ya mchomeleaji:
Ibambasi kavu, funga kama lami.
Ibambasi mbichi, usikimbize. Rudi nyumbani.

Kwa mchanga: arobaini na nane.
Tairi ya vipele, upepo kumi na mbili tu,
ukiibonyeza ibonyee kama shavu la mtoto.
Kaa nyuma kabisa, Mahona, juu ya ekseli,
na usiiamrishe, isihi,
gesi kidogokidogo mpaka mchanga ukubali.
Ukishakubali, usiuonee huruma.

Kayenze, Jumamosi, mita mia mbili,
kamba ya nyavu ndiyo mstari wa mwisho.
Bulugu wa Magu kaja na injini kubwa
na meno ya lami. Nikayahesabu mara mbili,
nikageuka pembeni nicheke.
Kitambaa kikashuka.
Bulugu alichimba kaburi la gurudumu palepale.
Mahona aliruka kama kigae
tulichokuwa tukikirusha juu ya maji
nani wake apige hatua nyingi.
Mita hamsini. Mia. Mia na nusu.

Ndipo ziwa likafuka.
Si moshi: wadudu, wale wasio na mdomo wala kesho,
wakapanda nguzo nzima kutoka majini
na upepo ukawasukuma ufukweni.
Injini ikakohoa, ikakohoa tena,
ikanyamaza mita tisa kabla ya kamba.
Bulugu alijichimbua. Akapita taratibu,
shati mdomoni, kama mtu anayekwenda dukani.

"Mhola?" niliiuliza pikipiki.
Nikafungua chujio:
kiganja kizima cha mbawa, harufu ya samaki,
na kuku wa kibanda cha chai
wakajaa miguuni pangu wakidai haki yao.

"Tulikosea meno?" Mahona aliuliza.
Meno yalikuwa sawa.
Kila kilichogusa ardhi kilikuwa sawa.

Nikatafuta ukurasa mtupu.
Kwa hewa, nikaandika, nukta mbili,
kisha kalamu ikasimama.
Nimebandika ubawa mmoja pale, kwa grisi,
mpaka nijue la kuandika.